Rivyu ya mafunzo ya skul basi Illinois: kwenye reli wako vizuri, kwenye karatasi ya ruti wametuangusha

Hii ni kwa Waswahili wenzangu wa Chicago na vitongoji vyake mnaoulizia kazi ya kuendesha skul basi, maana kila shule zikikaribia kufunguliwa matangazo yanajaa kila kona, tunafundisha bure, leseni juu yetu, njoo na kitambulisho tu, na watu wananiuliza dada hivi ni kweli au ndo danganya toto. Ni kweli. Wanafundisha bure na wanakulipa huku unafundishwa. Jina la kampuni silitaji, bado nakula kwao jamani lol. Ila nitawaambia mafunzo yalivyo, na nitang'ang'ania kitu kimoja zaidi ya vingine, kuvuka reli, kwanza kwa sababu Illinois reli zipo kama mchwa, ukitoa Texas hakuna jimbo lenye sehemu nyingi ambapo barabara inakatana na reli kama hapa, na pili kwa sababu hapo ndo nimeona kampuni inafanya kazi nzuri sana darasani alafu inakuja kujiharibia yenyewe saa kumi na moja alfajiri ukikabidhiwa gari.

Mambo ya mwanzo napita haraka. Alama za vidole, kipimo cha mkojo, daktari, darasa la masaa 8 la ofisi ya elimu ambalo lazima ulikae ndo upate kibali cha skul basi, alafu CDL, yaani leseni ya kuendesha magari makubwa kibiashara, na nyongeza zake mbili, P ya abiria na S ya basi la shule. Darasa lenyewe usiku linachosha, slaidi za zamani, picha zingine watu wamevaa nguo za enzi hizo, na Kiingereza kinaenda mbio, kama hujazoea masikio yatauma. Hakuna karatasi ya Kiswahili wala Kifaransa, na mtihani wa ukaguzi wa gari unataja kila kitu kwa mdomo kwa Kiingereza mbele ya ofisa, taa hii haijapasuka, huu mpira haujakatika, kwa hiyo anza kukariri mapema. Kwenye hilo nawapa tatu kwa tano.

Sasa reli.

Mwalimu wetu ni bibi mmoja wa Kimarekani, ameendesha mabasi mpaka magoti yamegoma, mkali, sisi Waafrika tulimwita Mama tu na akazoea. Siku ya reli hakutuweka darasani. Alitupeleka yadi, akatandika kamba mbili za njano chini kwenye lami, hizo ndo reli, mbele yake akaweka koni nyekundu, akasema hiyo koni ndo mataa ya barabara kuu, yamewaka nyekundu, haya nani anaendesha. Akajitolea kaka mmoja wa Bukavu, ana uzoefu wa malori huyo, akaja na basi kubwa lile la siti nyingi, akasimama kabla ya kamba kama tulivyofundishwa, hazadi zinawaka, kafungua dirisha lake na mlango, kaangalia kushoto kulia, kafunga, kavuka taratibu, akaenda kusimama vizuri kabisa kwenye koni. Sisi tukapiga makofi. Mama akasema shukeni wote mwende nyuma ya gari mkaangalie.

Bampa ya nyuma ilikuwa imevuka kamba ya pili kwa kama mkono mmoja hivi. Tukasema si imevuka? Akachukua fagio akalilaza kutoka kwenye kamba kuja upande wetu, akasema treni sio nyembamba kama reli, mwili wake unatokeza futi kama tatu kila upande nje ya reli, hili fagio ndo ubavu wa treni. Fimbo ya fagio ikapita chini ya bampa kabisa ikaingia ndani. Yule kaka wa Bukavu akashika kichwa, "Apa tulisha kufa bote!" Mama hajui Kiswahili lakini nadhani alielewa maana aliitikia kwa kichwa.

Hapo ndo akatupa habari ya Fox River Grove, na nawaomba mnaotaka hii kazi muijue vizuri kwa sababu imetokea hapahapa kwetu, kaskazini magharibi mwa Chicago, sio mbali na wengi wetu tunapoishi. Tarehe 25 Oktoba 1995 asubuhi, basi la wanafunzi wa Cary-Grove High School lilikuwa linapita Algonquin Road, likavuka reli, likasimama kwenye mataa mekundu pale inapokutana na Northwest Highway. Dereva alikuwa wa kushikilia tu siku hiyo, ruti si yake. Kati ya reli na mataa nafasi ilikuwa fupi kuliko urefu wa basi lake, mkia ukabaki kwenye njia ya treni, na yeye mbele kule hajui. Treni ya abiria ya Metra ilikuwa inakuja kwenda Chicago na kile kituo haikuwa inasimama. Watoto wa siti za nyuma waliiona wakapiga kelele. Mataa yakaja kuwaka kijani sekunde chache mno kabla ya treni kufika, hazikutosha. Wanafunzi saba walikufa.

Wachunguzi wa NTSB, ile bodi ya serikali ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, walipokuja kuchimba wakakuta dereva hakujua kwamba kipande cha gari yake kipo relini, na wakakuta kitu kingine kibaya zaidi, mitambo ya reli na mitambo ya mataa ya barabarani inatakiwa iongee, treni ikija mataa yawape kijani magari yaliyobanwa pale yatoke, lakini muda waliopangiana haukutosha na wanaohusika na reli na wanaohusika na barabara kila mmoja alikuwa na hesabu yake. Tangu hapo nchi nzima wakaanza kukagua hizo sehemu, sehemu zingine utakuta wameweka mataa kabla ya reli ili usivuke kabisa kama mbele hakuna pa kusimama, na sehemu zingine kuna bango la njano lina picha ya lori mkia wake umelala juu ya reli na namba ya futi, maana yake nafasi ya mbele ni futi hizo tu, jipime na gari lako. Basi kubwa la shule linakwenda futi 40 mjue. Ukiona bango linasema 30 usijidanganye eti nitajisogeza kidogo.

Kwa hiyo hicho ndo nilichotoka nacho na ndo kinachonifanya nisifie haya mafunzo. Kusimama kabla ya reli kila mtu atakufundisha, hata mtoto wa darasa la kwanza anayepanda basi anajua basi linasimama relini. Lakini swali lenyewe ni upande wa pili kukoje. Mama alikuwa anarudia mpaka tunachoka, usiulize treni ipo, uliza nikivuka nitaenda kukaa wapi, na kama jibu hulioni kwa macho yako, unabaki hapo ulipo hata nyuma wakupigie honi mpaka betri ziishe. Na wanapiga kweli. Watu wa huku wanaoenda kazini asubuhi hawana simile, umesimama mbele ya reli tupu, treni hakuna, mataa ya mbele yana foleni, wewe umetulia, nyuma mtu anakupigia honi anakuonyesha na kidole. Muache.

Utaratibu wenyewe nauandika kwa sababu kwenye mtihani watu wanaferi hapa. Unapokaribia unawasha hazadi, unasimama si karibu kuliko futi 15 wala si mbali kuliko futi 50 kutoka reli ya kwanza. Redio unazima, feni zote zinazopiga kelele unazima, watoto wananyamaza, mi nanyanyua mkono juu na wadogo zangu wa chekechea wanaweka vidole midomoni wanapenda sana hiyo, wakubwa wa sekondari wanajifanya hawanioni lakini wanapunguza sauti. Unafungua dirisha lako na mlango wa abiria. Unaangalia na unasikiliza pande zote mbili, unajiinua kwenye siti unayumba mbele na nyuma maana nguzo ya kioo na vile vioo vya pembeni vikubwa vinaweza kuficha treni nzima. Alafu unafunga mlango, unavuka moja kwa moja, hubadilishi gia ukiwa juu ya reli. Ukimaliza mkia wote ndo unazima hazadi. Geti likiwa juu na taa haziwaki bado unasimama. Hakuna treni iliyopita hapo tangu Jumatatu, bado unasimama. Ukipita bila kusimama wakakuandikia na ukapatikana na hatia, CDL yako inafungiwa siku 60, ukirudia ndani ya miaka mitatu 120, mara ya tatu mwaka mzima, hiyo ni sheria ya nchi nzima sio ya kampuni, na hata ukija na gari tupu huna mtoto ni hivyohivyo.

Januari ndo utajua hujui. Kufungua mlango kwenye baridi ile ya Illinois inayokata masikio, upepo unaingia hadi siti ya mwisho, kuna katoto kamoja ka mbele kila tukifika relini kananifokea, "Miss, close it!" na mi nakaambia subiri mama, nasikiliza. Mwanzoni nilidhani huo mlango ni mbwembwe tu, si nina macho? Mama akatueleza ulipotoka. Utah, South Jordan, tarehe 1 Desemba 1938, theluji inamwagika asubuhi, basi la shule likavuka reli mbele ya treni ya mizigo, dereva hakuiona. Wakafa watu 26, karibu wote wanafunzi. Baada ya hapo ndo kufungua mlango na kusikiliza kukaanza kuwa sheria huku. Sasa hivi vioo vikiganda asubuhi na huoni kitu upande wa kulia, huo mlango ndo macho yako, naufungua bila kinyongo.

Na redio. Wenzangu tunapenda muziki, najua, nina taarabu zangu na mi. Machi 2000 pale Conasauga, Tennessee, basi la shule kutoka Georgia lilipita kwenye kivuko kisicho na geti wala taa, lile bango la msalaba tu, bila kusimama, likagongwa na treni ya mizigo, watoto watatu wakafa. Ndani ya basi kulikuwa na kamera, ikaonyesha halikusimama. Wachunguzi wakazungumzia mpaka spika za redio zilizofungwa karibu na kichwa cha dereva, wakataka zihamishwe. Kampuni yetu mabasi yao mengi hayana hata redio ya muziki, na ile ya kuongea na ofisi ina swichi ya kuzima kelele zote kwa kidole kimoja, relini unaibonyeza. Hapo nawapa tano kwa tano bila maswali.

Kitu kingine nilichokipenda ni vile wanavyokueleza treni yenyewe, kwa sababu sisi wengi tunadhani treni ni gari kubwa tu, dereva wake akikuona atashika breki. Treni ya mizigo ikiwa kwenye maili 55 kwa saa inahitaji maili nzima au zaidi mpaka isimame, yaani akikuona ameshachelewa, anachoweza ni kupiga honi na kuomba Mungu. Na macho yanadanganya, kitu kikubwa kikija mbali kinaonekana kinatambaa, unajiambia nina muda. Huna. Tena huku kwetu njia nyingi zina reli mbili na zingine tatu, za Metra zinapita kwa kasi alafu za mizigo nazo zimo humohumo, ya kwanza ikimaliza kupita watu wanakanyaga mafuta, na ya pili iko nyuma yake inatoka upande mwingine. Mama alikuwa anasema hesabu reli sio treni. Kuna siku zingine treni ya mizigo inasimama kabisa katikati ya barabara, ndefu huoni mwisho wake, unakaa na watoto wanaanza kuomba chooni. Unaita ofisi kwenye redio, unaandika muda, unakula karanga zako. Watoto wanachelewa shule na wazazi wanakupigia kelele wewe. Ndo kazi.

Zoezi la kutoa watu kwenye basi ndo lilinivunja. Basi limezima relini, gari haiwaki, unafanyaje? Kwanza usikae unajaribu kuwasha mara ya kumi, toa watoto. Tulifanya kwa mlango wa nyuma wa dharura, uko juu kweli, tukaambiwa usiruke kama komando, kaa chini kwenye ukingo, weka miguu nje, teleza, wawili wanakuwa chini wanashika mikono ya wanaoshuka. Sisi watu wazima tulishuka kama magunia, mi nilikuwa nimevaa sketi ndefu siku hiyo, acha tu. Kisha unawapeleka wapi, hapa kila mtu darasani alijibu vibaya, watu walisema tukimbie mbali na treni inakotoka. Hapana. Mnaenda kimshazari, mnatoka relini lakini mnaelekea upande ule treni inakotokea, kwa sababu ikigonga basi, vyuma na vioo vinarushwa mbele kule treni inakoelekea, ukikimbilia huko umekimbilia mvua ya vyuma.

Alafu bango la bluu. Hili nawaambia hata ambao hamtaendesha basi maisha yenu yote. Kila kivuko cha reli huku kina kibango kidogo cha bluu, kwenye nguzo au kwenye kibanda cha mitambo, kina namba ya simu na namba ya kivuko, tarakimu sita na herufi moja mwishoni. Gari ikikwama relini, toka, piga hiyo namba ya bluu, wataje ile namba ya kivuko, wao ndo wanaoweza kusimamisha treni zote zinazokuja njia hiyo. 911, ile namba ya dharura ya huku, baadae. Wengi wanaanza na 911 na 911 naye lazima atafute reli ni ya nani. Shemeji yangu anaendesha Uber miaka na hakuwahi kukiona hicho kibango, nilimwonyesha akashangaa kipo kivuko cha karibu na kwake na anakipita kila siku.

Haya, sasa lawama.

Karatasi ya ruti. Ukishafaulu, kabla hujapewa ruti yako ya kudumu unakuwa wa kushikilia, mtu akiumwa unaenda kwake. Unafika yadi giza bado, unapewa funguo na karatasi. Karatasi inasema geuka kushoto mtaa huu, mtoto wa kwanza nyumba hii, kulia mtaa ule, watoto wanne, na kuendelea mpaka shule. Reli haijaandikwa! Kivuko hakimo. Basi linavuka reli mara mbili kwenda, mara mbili kurudi, na kwenye karatasi hakuna hata alama. Sasa hapa mnielewe kwa nini nimeanza na habari ya yule dereva wa 1995. Mnamfundisha mtu wiki nzima kwamba hatari iko upande wa pili wa reli, mnamwonyesha fagio, mnamsimulia habari ya dereva wa kushikilia ambaye hakuijua ile njia, alafu mnampa dereva wa kushikilia karatasi ambayo haimwambii kwamba baada ya kona hii kuna reli na baada ya reli kuna mataa na nafasi haikutoshi. Yaani inakuwaje?

Nilimwuliza msimamizi wa ruti. Kistaarabu, si unajua sisi, nikaanza na habari za asubuhi na familia. Akasema kompyuta inatoa karatasi yenyewe. Nikamwambia basi tuandike na peni. Akasema ni wazo zuri tutaliangalia. Mpaka leo bado wanaliangalia nadhani wanahitaji miwani.

Kwa hiyo madereva wenyewe tumejifanyia. Yule kaka wa Bukavu alianza, alichukua kalamu nyekundu akachora alama ya msalaba kwenye kila sehemu ya reli kwenye karatasi ya ruti yake na pembeni akaandika mabasi mangapi yanaenea upande wa pili, moja, moja na nusu, hapana. Hiyo hapana ameiandika kwa herufi kubwa kwenye kivuko kimoja ambapo baada ya reli kuna barabara kubwa na mataa, pale basi kubwa halienei, na sisi wote sasa tunajua pale huvuki mpaka mataa yawe kijani na gari la mbele yako limeshaondoka kabisa. Akiumwa, anayeshika ruti yake anakuta msalaba. Wazungu nao wakaiga. Kampuni haijalipa hata hiyo kalamu.

Na kama kampuni yenu haifanyi, kuna njia. Federal Railroad Administration, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia reli, wana aplikesheni ya bure inaitwa Rail Crossing Locator, inakuonyesha vivuko kwenye ramani na namba zake, unakaa nayo jioni unafuata ruti yako kabla ya kesho. Wapo pia Operation Lifesaver, hawa walianzia Idaho mwaka 1972 kazi yao ni hii tu ya usalama wa reli, wana somo la bure mtandaoni kwa madereva wa skul basi. Mtu usiyejiamini Kiingereza unaweza kulipitia kwa wakati wako nyumbani ukisimamisha na kurudia, tofauti na darasani ambapo slaidi zinakimbia.

Kuna ndugu zangu nyumbani watasoma hii waseme mwenzetu anajidai na geti na mabango. Jamani nimekulia Dar, najua Tabata Relini, najua Hiace za shule zimejaza watoto wamekaliana mapajani zinavyopita kwenye mataruma huku bodaboda wanatangulia. Kwetu ukibahatika konda anashuka anatangulia kwa miguu anachungulia pande zote anapiga bodi, twende! Na mnajua kitu, hiyo ya konda kushuka ni nzuri kuliko watu wanavyoicheka, ni mlango uliofunguliwa huo, ni macho ya ziada. SGR wamejenga vivuko vya juu na vya chini kwa hiyo haikutani na magari, lakini reli ya zamani na TAZARA bado zinakatana na barabara, na Novemba 2023 pale Manyoni Singida basi la abiria na kichwa cha treni vilikutana kwenye kivuko wakafa watu 13. Kwa hiyo haya mambo ya kusimama sio uzungu. Dereva wa gari la shule wa Gongo la Mboto hahitaji CDL kusimama, kuzima muziki, na kuangalia kama lori la mbele limemwachia nafasi ya kutosha.

Wazazi mlioko huku, nanyi mna pa kuuliza. Mkienda ile siku ya kufungua shule msiulize tu basi linakuja saa ngapi. Ulizeni ruti ya mwanangu inavuka reli wapi, na dereva wa kushikilia anaambiwaje. Ukiona anayekujibu anatafuta kwenye kompyuta na hapati, hilo ni jibu tayari. Siku moja moja fuata basi na gari lako kwa nyuma, uone linasimama, mlango unafunguka, na baada ya kuvuka mkia umetoka kabisa au umening'inia. Na ukiwa nyuma ya basi relini, tafadhali sana, mkono utoke kwenye honi.

Hukumu yangu basi. Mafunzo ya reli nne na nusu, nusu nimekata kwa sababu tulifanya yadi na kwenye vivuko halisi tulienda kidogo sana, ningependa kila mwanafunzi apelekwe akasimame kwa miguu kwenye kivuko chenye mataa upande wa pili aone treni ikipita karibu, atajua tu. Bibi mwalimu tano, na wakimstaafisha mi naandamana. Karatasi za ruti mbili, na hiyo mbili ni ya kalamu ya mtu wa Bukavu. Malipo ni ya kawaida, masaa yamekatika asubuhi na mchana kwa hiyo katikati umekaa bure, inamfaa mama mwenye watoto shule au mtu anayesoma, haimfai anayetaka masaa arobaini yaliyonyooka.

Ukienda kuomba, omba kitu kimoja kabla hujasaini, waambie nataka kupanda siti ya nyuma ya dereva wenu asubuhi moja, ruti yenye reli. Kampuni nyingi zinakubali. Kaa pale, usiongee, angalia anafanya nini akifika relini na watu wanampigia honi.